Kijiko Kimoja Kinakugharimu Shilingi Ngapi?

Chupa ya tomato sosi ya gramu 500 inakula karibu kilo moja na nusu ya nyanya mbivu ukiamua kuitengeneza mwenyewe. Kwa hiyo anayekuuliza kama ni nafuu kutengeneza sosi nyumbani, mrudishie swali: leo nyanya kilo ni shilingi ngapi? Jibu la wakati matenga yamejaa kwenye masoko ya Ilala na Mabibo si jibu la masika, wakati barabara za mashambani zimekuwa matope na fungu la nyanya nne linauzwa kwa bei ya nane.

Siku hizi tunaambiwa kila kona kwamba viungo vya nyumbani ni nafuu na ni salama zaidi. Mara nyingine ni kweli kwa yote mawili, mara nyingine kwa moja tu, na kuna vitu ambavyo ni bora umwachie mwenye kiwanda. Tofauti huonekana ukiacha kulinganisha chupa na chupa, ukalinganisha kijiko kilichofika sahanini: umelipa kiasi gani kukipata, kina nini ndani, na kabla yake umemwaga vijiko vingapi vilivyoharibika. Bei nitakazotumia hapa ni za mfano, nimezichagua ziwe rahisi kugawanya. Weka za mtaani kwako mahali pake.

Tuanze na hiyo sosi. Chukua nyanya kilo moja na nusu kwa shilingi 1,000 kilo, hiyo ni 1,500. Sukari vijiko vitatu vya chakula, kama gramu 40, ni shilingi 120 hivi. Siki robo kikombe, 180. Kitunguu na punje mbili tatu za karafuu, tuseme 200. Mpaka hapo ni shilingi 2,000, na wengi huishia hapo kisha wakajisifu. Lakini nyanya ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, na kazi yote ya sosi ni kuyafukuza maji hayo. Jiko la gesi la kawaida, kwa moto wa wastani, hula takriban gramu 150 za gesi kwa saa. Sosi yako itakaa jikoni saa moja na nusu au inakaribia, hivyo gesi ni gramu 200 na ushee, sehemu moja kati ya thelathini ya mtungi wa kilo sita. Kama mtungi unajazwa kwa 24,000, moto peke yake ni shilingi 800. Jumla imekuwa 2,800, na zaidi ya robo yake imepita kwenye kichomeo.

Chupa ya dukani ikiwa shilingi 3,000, umeokoa mia mbili na umesimama jikoni mchana mzima. Nyanya zikipanda hadi 3,000 kilo, sosi yako inafika 5,800, na hapo hakuna ubishi: nunua.

Kuna njia tatu za kuigeuza hesabu hii. Ya kwanza ni kupika nyingi kwa wakati mmoja, kwa sababu sufuria ya kilo tano haili gesi mara tatu ya ile ya kilo moja na nusu, hasa ukitumia sufuria pana ili mvuke upate pa kutokea. Ya pili ni nyanya zilizolainika, ambazo jioni wauzaji huziachia kwa bei ya kutupa. Hapo jicho liwe kali: nyanya iliyolainika kwa kuiva ni mali, iliyopasuka ikaanza kuota ukungu au kutoa harufu ya chachu haifai, na kuikata upande mmoja hakuisafishi. Ya tatu ndiyo ninayoipenda mimi: nyanya ya kopo. Kiwanda kimeshalipia moto wa kufukuza maji. Pakiti ya gramu 70 ya nyanya nzito, ukiongeza maji, siki, sukari kidogo, chumvi na kitunguu kilichosagwa, kisha ukaichemsha dakika kumi, inakupa karibu gramu 200 za sosi. Gesi inayoliwa ni ndogo kiasi cha kutohesabika, na sukari unaipima mwenyewe.

Sukari ndiyo sababu ya maana ya kuhangaika na sosi, kuliko hizo shilingi mia mbili. Kechapu nyingi za kiwandani zina sukari kati ya gramu 20 na 25 katika kila gramu 100. Kijiko kimoja cha chakula kina kama gramu nne, yaani kijiko kimoja cha chai cha sukari, na mtoto anayekula chipsi hawezi kuishia kijiko kimoja. Sosi yako ya vijiko vitatu vya sukari, ukijumlisha na utamu wa nyanya zenyewe, inapungua kwa karibu theluthi. Ukiweka vijiko viwili inapungua zaidi, na kwa kuwa nyanya za Ilula zilizoiva sawasawa zina utamu wake, watu wa nyumbani huenda wasigundue. Zile sosi za bei ya chini kabisa, zinazomiminwa kutoka dumu kwenye vibanda vya chipsi, hebu soma lebo zake siku moja. Viambato huandikwa kwa mpangilio wa uzito, kilicho kingi ndicho cha kwanza. Ukikuta maji, sukari na wanga vimetangulia mbele ya nyanya, umeshajua unachokula.

Kanuni hiyo ya lebo inasaidia zaidi kwenye viungo vikavu, na hapa ndipo pesa yako inapokuwa na la kusema.

Pakiti ndogo ya pilau masala ya gramu 20 kwa shilingi 500 inaonekana si kitu. Igawanye: ni shilingi 25 kwa gramu, 25,000 kwa kilo. Sasa tujenge gramu 100 za mchanganyiko wetu: binzari nyembamba gramu 50, pilipili manga 20, mdalasini 12, iliki 10, karafuu 8. Tukichukulia binzari nyembamba na pilipili manga 16,000 kilo, mdalasini 14,000, karafuu 20,000 na iliki 80,000, gharama inakuja kama shilingi 2,250. Za pakiti, gramu 100 ni 2,500. Tofauti ni mia mbili hamsini, na bado hujawasha jiko kukaanga.

Kwa hiyo anayekwambia utaokoa nusu ya pesa kwenye pilau masala anakudanganya, isipokuwa analinganisha na makopo ya maduka makubwa. Itazame tena ile orodha lakini. Iliki ni sehemu moja ya kumi ya uzito, ila imebeba zaidi ya theluthi ya gharama: 800 kati ya 2,250. Mwenye kiwanda naye anaijua hesabu hiyo, na yeye lazima alipie mashine, pakiti, gari, mwenye duka na kodi, kisha abaki na chake. Akitaka kuuza kwa bei ile, kitu cha kwanza kupungua ni iliki, na kitu cha kwanza kuongezeka ni giligilani, ambayo ni rahisi na haina ugomvi na kiungo chochote. Si wizi, na kama imeandikwa kwenye lebo hakuna aliyedanganywa. Ila unapoona umetia vijiko viwili na pilau bado halijanukia, sababu ni hiyo. Kwa mchanganyiko wako wa nyumbani utatumia kijiko kimoja pale ulipokuwa unatumia viwili, na hapo ndipo kijiko kinapokuwa nafuu kwelikweli.

Namna ya kuvinunua nayo ina hesabu yake. Viungo vizima hukaa mwaka na zaidi bila kupoteza harufu, vilivyosagwa huanza kufifia ndani ya miezi michache. Nunua vizima, saga kidogo. Kariakoo, Kisutu au Darajani, mwenye mizani anakupimia kwa gramu, na bei yake kwa kilo huwa chini sana kuliko ya vifungu vya genge la mtaani. Nauli ikiwa kubwa kuliko unachookoa, ungana na jirani au na dada wa kikoba, mmoja aende, wengine wagawane. Kabla hujalipa, chukua punje ya iliki uipasue kwa ukucha. Ndani mbegu ziwe nyeusi, zenye kunata kidogo, na harufu ikupande puani. Ukikuta mbegu zimekuwa za kijivu na zimekauka mpaka zinamwagika zenyewe, mwambie muuzaji, "Kaka, hii ya zamani," naye ataingiza mkono kwenye gunia lingine bila hata kubisha. Mdalasini wa Zanzibar ni gome jembamba linalovunjika kwa vidole na lina tabaka nyingi ndani. Lile gome nene, gumu kama ubao, ni aina nyingine iitwayo kasia, lina ukali zaidi na kemikali ya kumarini ambayo si nzuri kwa ini likitumiwa kwa wingi kila siku. Kwa pilau la Jumapili halina neno. Kwa anayekunywa chai ya mdalasini asubuhi na jioni, atafute wa Zanzibar.

Kukaanga ndiko kunakotenganisha mchanganyiko mzuri na ule wa kawaida, na watu hukuharakisha. Kikaango kikavu, moto mdogo. Mdalasini na karafuu vitangulie, pilipili manga ifuate, binzari nyembamba iwe ya mwisho maana punje zake ni ndogo na huungua upesi. Utazisikia zikianza kupasuka taratibu, rangi itoke kwenye kijani-kijivu iwe kahawia, na harufu ibadilike ghafla kutoka ile ya udongo kuwa ya karanga. Hapo hapo epua na umwage kwenye sinia. Ukiiacha kikaangoni wakati umezima jiko, chuma bado kina moto, na binzari iliyoungua inatia uchungu ambao hata nazi mbili haziufichi. Iache ipoe kabisa kabla ya kusaga. Ikisagwa ya moto hutoa unyevu, unga unajishika mabonge, na mabonge hualika ukungu.

Kusaga: kinu kinatosha, ila kina jasho. Mashine ndogo ya kusagia kahawa hufanya kazi nzuri kwa kiasi cha nyumbani, blenda ya kawaida inahitaji uweke nyingi ndipo visu vishike. Mashine ya sokoni ni ya haraka na bei yake ni ndogo, tatizo lake ni kilichosagwa kabla yako. Kama aliyekutangulia alileta pilipili kichaa, watoto wako watakuuliza. Mwambie msagaji apitishe konzi moja ya mchele kwanza, na hata hivyo konzi ya kwanza ya viungo vyako ihesabu kuwa imekwenda na mashine.

Kuna sababu nyingine ya kununua vizima, na hii haipimwi kwa shilingi. Unga ni rahisi kuchanganywa na kitu kingine, gome na mizizi si rahisi. Mwaka 2005 Uingereza iliondoa sokoni bidhaa zaidi ya 400 baada ya kugundulika kwamba unga wa pilipili uliotumika katika sosi moja ulikuwa umetiwa rangi ya Sudani 1, rangi ya viwandani isiyoruhusiwa kwenye chakula. Bangladesh, watafiti walionyesha mwaka 2019 kwamba manjano ilikuwa inang'arishwa kwa kromati ya risasi, na risasi ni sumu kwa ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo. Huko hata mizizi yenyewe ilikuwa ikipakwa, kwa hiyo usidanganyike kwamba kizima kina kinga kamili. Isugue kwa kidole kilicholowa: ikiacha rangi ya njano ya kung'aa isiyo ya kawaida juu ya ganda, iache. Nafuu yetu ni kwamba manjano mbichi inalimwa hapahapa, Muheza na visiwani, na ukiikata vipande vyembamba ikakauka kwenye kivuli chenye upepo, unga wake huna wa kumuuliza.

Sasa vile vidonge vya mchuzi. Sijui jiko la mtaani kwetu lisilo navyo. Kidonge kimoja kina gramu nne hivi, na kwa kawaida nusu yake au zaidi ni chumvi. Vinavyobaki ni wanga, mafuta, kiongeza ladha, sukari kidogo, na viungo vya kutosha kuipa pakiti picha yake. Kikiuzwa shilingi 100, gramu 100 za vidonge ni 2,500, sawasawa na pilau masala ya pakiti, lakini gramu 50 ndani yake ni chumvi ambayo dukani, kwa shilingi 1,000 kilo, ingekugharimu shilingi 50. Kwa maneno mengine, unanunua chumvi kwa bei ya viungo.

Hata hivyo tusikionee kidonge. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu tano za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai. Vidonge viwili kwenye sufuria ya watu watano ni gramu nne au tano za chumvi, haizidi gramu moja kwa mtu. Hiyo si mbaya. Ubaya unaingia pale mpishi anapotia vidonge viwili, akatia na chumvi kijiko kizima kama alivyozoea kabla vidonge havijaja, kisha mezani kukawa na chupa ya chumvi na achari. Ukitaka kuendelea na vidonge, endelea, ila vitie mapema, onja, na chumvi ifuate ikiwa bado inahitajika. Mara nyingi haihitajiki.

Na ile chembechembe nyeupe ambayo wengi huiita ajinomoto, ambayo imesingiziwa kila ugonjwa? Mwaka 1908 Mjapani Kikunae Ikeda aliipata katika supu ya mwani, akagundua kwamba ladha ile nzito inatokana na glutameti. Glutameti hiyohiyo ipo kwenye nyanya mbivu na uyoga. Ina sodiamu kama asilimia 12, wakati chumvi ya kawaida ina karibu asilimia 39. Anayetaka kupunguza chumvi, akatia chembe kidogo za hiyo na kupunguza chumvi kwa kipimo kikubwa, anaweza kuwa amefanya vizuri kuliko anayeikataa huku akimwaga chumvi kwa mkono. Mimi siiweki, kwa sababu moja tu: kuna kitu bora.

Kitu hicho ni dagaa. Mwaka 1913 mwanafunzi wa Ikeda, Shintaro Kodama, aligundua kwamba ladha ya samaki mkavu inatokana na inosineti, na baadaye wanasayansi walibaini kwamba inosineti na glutameti zikikutana, ladha inaongezeka kuliko jumla ya hizo mbili. Bibi zetu waliopika mchicha kwa dagaa na nyanya walikuwa wameshafika huko bila maabara. Chukua dagaa wakavu gramu 100, toa vichwa na matumbo, pepeta mchanga, wakaange kwenye kikaango kikavu mpaka wavunjike kwa vidole, kisha saga. Utabakiwa na gramu 80 hivi za unga. Dagaa wakiwa 12,000 kilo, unga wote umekugharimu 1,200, na kijiko cha chakula cha gramu sita ni shilingi 90. Kijiko kimoja kinatosha sufuria ya maharage au mboga za majani kwa familia. Gharama imekaribiana na kidonge kimoja, lakini umepata protini na kalsiamu badala ya wanga, na chumvi umeishika mwenyewe.

Angalia aina ya dagaa. Wa Mwanza ni rahisi ila mara nyingi wana mchanga, wale walioanikwa kwenye vichanja ni safi zaidi na bei yake inajieleza. Wa Kigoma ni ghali, utamu wao unajulikana. Wa baharini kutoka Zanzibar huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, hivyo unga wao uhesabu kama chumvi. Mwenye mtoto anayekataa kuona macho ya samaki kwenye sahani, unga humalizia ugomvi huo.

Jambo moja usilisahau ukiacha vidonge. Tanzania imeweka sharti la chumvi kutiwa madini joto tangu miaka ya 1990, na vidonge vingi hutengenezwa kwa chumvi hiyo. Ukihamia chumvi ya mawe inayouzwa kwenye ndoo barabarani kwa imani kwamba ni ya asili, unaweza ukawa umeacha madini joto nyuma. Nunua ya pakiti yenye alama, ihifadhi kwenye chombo chenye kifuniko mbali na moto, na itie mwishoni mwa mapishi.

Kitunguu saumu na tangawizi vilivyosagwa pamoja, hivi ndivyo vinavyouzwa sana sasa kwenye vikopo vya plastiki. Ukisoma lebo utakuta maji, chumvi, asidi ya kuzuia kuharibika. Kinachouzwa pale ni dakika ishirini zako za kumenya, na kwa anayetoka kazini saa moja jioni, dakika hizo zina bei halali. Vikimenywa nyumbani, unapoteza kama sehemu moja ya saba ya uzito kwenye maganda, basi. Ni nafuu bila shaka. Lakini hapa kuna hatari ambayo wauzaji wa mitandaoni wanaofundisha kutengeneza hawaisemi: wanakwambia ufunike kwa mafuta ukae nayo mwezi. Kitunguu saumu hutoka ardhini na kinaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulinamu. Hawa hupenda mahali pasipo hewa na pasipo asidi, na chini ya mafuta ndipo hasa. Mwaka 1985, huko Vancouver, Kanada, watu 36 waliugua botulizimu kutokana na kitunguu saumu kilichokatwakatwa ndani ya mafuta na kuachwa nje ya jokofu. Hakinuki, hakibadiliki rangi.

Mwenye friji la kugandisha amwage mchanganyiko huo kwenye trei ya barafu, kila kitobo kijiko kimoja, vikishaganda avihamishie kwenye mfuko. Hapo unakaa miezi. Mwenye friji la kawaida asizidishe siku nne kwa ulio kwenye mafuta. Asiye na friji kabisa aache kitunguu ndani ya ganda lake mahali penye hewa, kitakaa wiki nyingi, na amenye cha siku hiyo.

Pilipili ya chupa ina hesabu nyepesi kuliko zote. Pilipili kichaa au mbuzi, ukwaju au embe bichi, kitunguu saumu, siki, chumvi: vitu vya shilingi mia mia, na familia nyingi zitaimaliza chupa kwa mwezi mzima kwa sababu inaliwa kwa matone. Chemsha pamoja, saga, mimina ya moto kwenye chupa iliyochemshwa. Kinachoilinda ni uchachu, basi siki au maji ya limau yawe angalau sawa kwa ujazo na vitu vingine vyote, na siki iwe ile yenye kuandikwa asidi asilimia 5. Siki isiyo na lebo inaweza kuwa imeongezwa maji mara mbili njiani. Vaa glavu au paka mafuta mikononi kabla ya kushika mbuzi, na usiguse jicho la mtoto siku hiyo.

Achari nitaipita haraka, na wenzangu wa pwani wanisamehe. Achari ya ndimu au ya embe iliyotengenezwa nyumbani ni tamu, ni rahisi, na inaweza kuwa na chumvi nyingi kuliko yoyote ya dukani, kwa sababu chumvi ndiyo inayoihifadhi. Mwenye shinikizo la damu asiambiwe kwamba hii ni salama kwa kuwa ni ya mama. Mayonezi nayo: yai bichi, mafuta mengi, inakaa siku mbili tatu. Gharama ya mafuta pekee si ndogo. Nunua kopo dogo.

Siagi ya karanga ndiyo inayolipa kuliko yote. Kilo ya karanga zilizomenywa inatoa karibu gramu 900, maana kinachopotea ni unyevu na maganda mekundu tu. Karanga kwa 4,500 na kusaga 500, kilo haijatimia lakini umetumia 5,000, na kila gramu 400 zimesimama kama shilingi 2,200, bila sukari, bila mafuta ya mawese ya kugandisha. Linganisha na kopo lolote la gramu 400 mtaani kwako.

Ila karanga zinaweza kuwa na sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, na kuzichambua ndiyo kazi yenyewe. Mwanzoni mwa 2019 shirika la viwango la Kenya liliamuru chapa kadhaa za siagi ya karanga ziondolewe madukani kwa sababu ya kiwango cha sumukuvu, kwa hiyo lebo si kinga kamili. Kukaanga hakuiondoi. Kinachosaidia sana ni macho. Mwaga karanga kwenye sinia jeupe au ungo, mchana, palipo na mwanga. Toa iliyosinyaa, iliyovunjika, iliyotobolewa, yenye doa jeusi au kijani, iliyochipua. Baada ya kukaanga na kupukuchua, chambua tena, kwa sababu ganda jekundu lilikuwa linaficha nyingine zilizobadilika rangi ndani. Zile ulizotoa usiwape kuku, maana na wao huwadhuru. Katika kilo moja unaweza kupoteza gramu 50 hata 100, na hizo ziingize kwenye bei. Bei ya kopo lako itapanda kati ya mia moja na mia mbili hamsini, na bado utakuwa mbele sana.

Kuna siku jirani ataonja, atauliza unauzaje. Hapo hesabu zote za juu hazitoshi tena. Nyumbani hukuhesabu saa zako, chupa ulizoosha zilikuwa za bure, na kilichoharibika mlikinyamazia. Ukiuza, kila kimoja kinataka bei yake: chupa mpya yenye kifuniko kinachobana, lebo yenye viambato na tarehe, saa zako, na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo tangu 2019 ndilo lenye dhamana ya usalama wa chakula iliyokuwa ya Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA). Wajasiriamali wadogo huanzia Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), kwa mafunzo na barua ya utambulisho. Fanya hesabu hiyo kabla hujamtajia jirani bei, kwa sababu ukishamwambia elfu mbili, kumpandishia hadi elfu nne mwezi ujao itakuwa kazi kuliko kumenya vitunguu saumu.